Mazoea Yavunjwe kwa Adabu

Ikiwa wewe ni mwalimu ambaye wanafunzi wake hulijua neno atakalosema kabla hajalitamka, au karani ambaye wenziwe humwitikia bila ya kuinua nyuso, au mume au mke ambaye mazungumzo yake ya jioni yamebaki swali moja na jibu moja, yaleyale ya jana na juzi, basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yako, na hayakuandikwa kwa kukulaumu. Aghalabu mtu hafiki katika hali hiyo kwa uvivu wala kwa ubaya wa tabia. Hufika kwa njia ya uaminifu: alitenda jambo jema mara ya kwanza likafaa, akalirudia likafaa tena, akaendelea kulirudia hata mikono na ulimi vikaweza kulitenda bila ya kuitaka akili shauri, na akili, ambayo haina ada ya kukaa mahali isipotakiwa, ikaondoka ikaenda zake, ikamwacha mwenyewe amesimama mbele ya watu akisema maneno yaliyo sahihi yote, na yasiyomfikia mtu hata mmoja.

Rai yangu ni kwamba mtu anayewachosha wengine amekwisha kuchoka yeye kwanza, ijapokuwa hajijui, na kwa sababu hiyo kazi ya kuvunja mazoea lazima ianzie kwa mtendaji kabla ya kufika kwa wanaomtazama. Asitafute vioja vya kuwachekesha wanafunzi wake, wala zawadi za kuishangaza aila yake, mpaka ajue ni wapi yeye mwenyewe alipoacha kutazama.

Uchovu wa namna hii umepata kupimwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilidhihirika kwa Waingereza ya kuwa askari waliowekwa ndani ya ndege kutazama vioo vya rada, wakizitafuta nyambizi za adui baharini, walikuwa wakizikosa alama zilizopita mbele ya macho yao. Mtaalamu mmoja wa Cambridge, Norman Mackworth, akatengeneza saa yenye akrabu moja iliyokwenda kwa hatua zilizo sawa, na mara mojamoja, bila ya taarifa, ikaruka hatua mbili kwa pamoja; akawaketisha watu mbele yake muda wa saa mbili, wabonyeze kitufe kila waionapo ikiruka. Katika matokeo aliyoyatoa mwaka 1948, uangalifu wao ulianza kushuka baada ya nusu saa ya kwanza, ilhali waliopewa zamu, wakitazama nusu saa na kupumzika nusu saa, waliendelea kuona vizuri. Ikiwa macho ya mtu asiye na kazi nyingine ila kutazama husinzia kwa muda mfupi kiasi hicho, seuze ya mwalimu anayefundisha kugawanya kwa mwaka wake wa kumi na mbili!

Kwa hiyo anza kwa kujichunguza. Keti jioni moja penye utulivu, uandike siku yako ilivyokwenda tangu alfajiri mpaka kulala, jambo kwa jambo, pasipo kuipamba. Kisha uipitie polepole, na katika kila jambo ujiulize kama waikumbuka sura ya mtu uliyekuwa naye: alivaa nini, alisema nini ambacho hukukitarajia, aliondoka akiwa na furaha au na huzuni. Utakuta pengine umezungumza na watu wengi tangu asubuhi, na wa kukumbukwa ni wawili tu. Pale ambapo hukumbuki sura ya mtu ndipo penye kazi, na hapo ndipo utakapovunja. Kwengineko paache kama palivyo.

Nasema paache kwa kusudi, maana kabla ya kuvunja lolote ni wajibu kupambanua, na wengi wanaosifu mabadiliko hulisahau jambo hili. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha fupi ya mambo ambayo waganga na wauguzi huulizana kwa sauti katika chumba cha upasuaji: mgonjwa ni nani, atapasuliwa wapi, ana mzio wa dawa gani, sindano na vitambaa vilivyoingia vimetoka vyote au la. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, moja ikiwa ya Ifakara, hapa kwetu Tanzania; na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vya waliopasuliwa vilipungua kutoka 1.5 kwa mia hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka 11 kwa mia hadi 7. Maswali yale hayana utamu wowote wa kusikiliza, na mwenye kuyauliza kila siku bila shaka huchoka nayo. Walakini ole wa mgonjwa atakayeangukia siku muuguzi wake alipotamani jambo jipya. Hesabu ya fedha za ofisi, kipimo cha dawa, ukaguzi wa breki kabla ya basi kuondoka stendi, yote haya ni mazoea ambayo kuyavunja ni dhulma.

Nyumbani nako yapo ya namna hiyo. Saa ya baba kurudi, karo iliyolipwa kwa wakati, sala, hadithi ambayo mtoto huitaka iwe ileile kila usiku, tena kwa maneno yaleyale, na ukikosea neno hukusahihisha: haya ni nguzo ambazo mwingine ameziegemea ili alale kwa amani. Kipimo changu ni hicho. Ikiwa kuna mtu aliyeliegemea jambo, usiligeuze bila ya ridhaa yake. Ikiwa hakuna anayeliegemea, wala wewe mwenyewe, nalo laendelea kwa sababu tu liliendelea jana, hilo ni halali yako.

Sasa tuingie kazini, na niruhusu nikae zaidi darasani, kwa sababu sijui kazi nyingine ambayo uchovu wa mtu mmoja huwafikia watu wengi namna ile kwa wakati mmoja. Kipindi cha shule ya msingi mara nyingi huanza kwa njia moja: mwalimu huingia, watoto husimama wakaamkia, huketi, ubao hufutwa, tarehe huandikwa, kichwa cha somo huandikwa, kisha mwalimu huuliza nani anakumbuka tulichojifunza juzi, na mikono ileile minne huinuka mbele, ilhali waliokaa nyuma wamekwisha kujua ya kuwa hawatahitajiwa mpaka kengele. Katika darasa la watoto themanini au zaidi, lisilo na nafasi ya kuhamisha madawati, mwalimu hudhani hana ikhtiari. Anayo. Leo na afundishe akiwa amesimama nyuma ya darasa: waliokuwa wa mwisho watakuwa wa kwanza, na wale wanne wa siku zote watalazimika kugeuza shingo. Siku nyingine na aandike ubaoni jibu, mathalan 36, awaachie watoto watafute maswali yote yanayozaa jibu hilo. Ataona kwamba mtoto aliyeshindwa kila siku kujibu ana kipaji cha kuuliza. Tena siku nyingine na ampe mwanafunzi chaki, naye aketi kwenye dawati la mwanafunzi huyo, aulize maswali ya mtu asiyeelewa, na aulize kwa dhati, kwa kuwa pale kwenye dawati atagundua kumbe maandishi yake hayasomeki kutoka nyuma, na kwamba jua la saa tano hung'aa ubaoni hata nusu ya somo haionekani.

Hapa mwalimu wa Kiswahili hana haja ya kuazima mbinu mbali. Wasimulizi wetu wa ngano walijua tangu zamani ya kuwa masikio hukinai, na ndiyo maana walitega vitendawili kabla ya hadithi, wakaweka nyimbo katikati ya masimulizi, na wakaifanya hadhira iitikie, ili asinzie tu yule aliyedhamiria kusinzia. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, alipozieneza ngonjera, yaani mashairi ya watu wawili au zaidi wanaojibizana, zilipokewa mashuleni kwa haraka, na sababu yake si ngumu kuifahamu: somo ambalo mtoto alizoea kulisikia kwa sauti moja sasa lilimtaka asimame, ashike upande, ambishie mwenziwe mbele ya watu, na mwishowe akubali au akubaliwe. Mwalimu anayetaka kufundisha umuhimu wa kuchemsha maji anaweza kuandika kanuni sita ubaoni. Anaweza pia kuwaachia watoto wawili, mmoja mbishi na mmoja mjuzi, wabishane kwa beti walizozitunga wenyewe. Beti hizo zitakuwa na makosa ya mizani. Na yawepo, mizani itarekebishwa kesho.

Ofisini mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa karani hana hadhira iliyoketi mbele yake, na uchovu wake huonekana kwa namna nyingine: huacha kuuliza. Barua huja, hupigwa muhuri, huenda. Huyu nampa nasaha mbili. Ya kwanza ni kupanga upya saa zake, kazi inayotaka fikira aifanye asubuhi, wakati akili bado iko safi, na ile ya mikono tu, kama vile kupanga majalada, aisogeze baada ya chakula cha mchana, kinyume cha wengi wetu, ambao hutumia saa njema kwa mambo mepesi na kubakisha mazito kwa saa ya usingizi. Ya pili ni kubadilishana kazi na mwenziwe kwa siku moja, kwa idhini ya mkubwa wao. Na faida yake kubwa huja siku ya pili, anaporudi mezani kwake akiwa amejua kwa nini mwenziwe humletea karatasi zile kwa kuchelewa.

Na wewe uliye mkubwa wa kazi, nawe unalo fungu lako. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na mji wa Chicago, kati ya mwaka 1924 na 1932, yalifanywa majaribio mashuhuri ya kubadili hali za wafanyakazi, na katika moja wanawake wachache waliokuwa wakiunganisha vifaa vya simu walitengwa katika chumba chao, wakabadilishiwa nyakati za mapumziko, urefu wa siku, na mengineyo, nayo kazi yao ikazidi kuongezeka. Wataalamu wa baadaye wamebishana sana juu ya sababu yake, maana njia ya kuwalipa nayo ilibadilishwa, na baadhi yao waliondolewa wakaletwa wengine. Kwa hiyo simshauri mtu atumie habari hiyo kama dalili kwamba badiliko lolote huleta baraka. Jambo moja hata hivyo lastahili kuzingatiwa: wanawake wale waliulizwa maoni yao, katika zama ambazo mfanyakazi wa kiwandani hakuwa akiulizwa. Mkubwa anayebadili utaratibu wa ofisi kwa tangazo lililobandikwa ukutani amewaongezea watu amri moja tu. Akiwaita kwanza, akawauliza ni sehemu gani ya siku iliyo nzito kwao, akawasikiliza, hata utaratibu ukibaki uleule watakuwa wameuchagua.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi, nalo jambo hili lataka maneno yaliyo wazi. Kazini kuna mshahara na kuna mkubwa. Mtu akichoka hujikaza. Nyumbani hakuna anayemkaza, na hivyo mtu huwaletea wapenzi wake mabaki ya nguvu zake, akaketi, akauliza habari za kutwa, akajibiwa njema, akashika simu yake. Hakuna ugomvi katika nyumba hiyo, na kwa hiyo hakuna anayeona kwamba pana msiba.

Angalieni, walakini, yanayotokea katika nyumba za pwani mwezi wa Ramadhani unapoandama. Watu ni walewale, jiko ni lilelile, na mwili una njaa kuliko miezi mingine. Lakini kwa kuwa saa za kula zimegeuka, na kila mtu anahitajiwa kabla ya magharibi, mmoja akikuna nazi, mwingine akikaanga kaimati, mtoto akitumwa kwa jirani na bakuli la uji na kurudi na bakuli la tambi, na usiku wa manane watu wakaamshana kwa daku, mazungumzo yaliyokauka mwezi uliopita hububujika. Ibada ndiyo asili ya mwezi ule, na simaanishi kuufananisha na michezo. Nasema tu kwamba Mwenyezi Mungu ametuonyesha pia, ndani ya ibada yenyewe, jinsi mpango wa siku ukigeuka watu wanavyoanza kutazamana. Hakuna kinachokuzuia kuchukua funzo dogo kutoka humo, uwe nani na dini yako iwe yoyote: nasaha yangu ya kwanza ni kwamba chakula cha jioni cha siku moja katika wiki kipikwe na wote, hata kama ni maharage, baba apewe nazi na mbuzi, na mtoto mkubwa asimamie jiko. Baba ambaye hajapata kukuna nazi atachelewesha chakula. Wakati huo wa kungojea ndio wenye thamani.

Ya pili, mkaribishe mgeni. Wazee waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, waliona kwamba kufika kwa mgeni humtoa mwenyeji katika unyonge wake. Na kwa mume na mke waliozoeana sana faida ni kubwa zaidi, maana kila mmoja husikia mwenziwe akimsimulia mgeni mambo ambayo yeye hakuwahi kuyasikia, kwa kuwa hakuwahi kuyauliza.

Ya tatu, fanyeni pamoja jambo ambalo hakuna mmoja wenu anayelijua. Mwaka 2000 mtaalamu wa Marekani Arthur Aron na wenziwe walichapisha majaribio ambamo wanandoa walifungwa pamoja kifundo cha mkono na cha mguu, wakatambaa juu ya magodoro huku wakiuchukua mto katikati yao bila ya kuushika kwa mikono wala kwa meno, kwa muda wa dakika 7 tu; na baadaye walioshiriki mchezo huo walieleza kuridhika zaidi na ndoa zao kuliko waliopewa kazi nyepesi isiyo na upya. Simshurutishi mtu mzima kutambaa. Lakini mume na mke wanaweza kujifunza kushona, au kuogelea, au kutunza bustani ya mchicha, mradi wote wawili wawe wanagenzi. Kwa maana mmoja akiwa mjuzi na mwingine mwanafunzi, mazoea ya zamani ya nani huamuru na nani hutii hurudi kwa mlango wa nyuma.

Matembezi nayo yanafaa, wala hayataki fedha nyingi. Wakazi wa Unguja wana Forodhani, wa Mombasa wana Lighthouse na mihogo yake, na asiye na bahari ana njia ya kwenda kwa shangazi ambaye hajamwona tangu Idi. Lakini simu zibaki nyumbani, au ibaki moja tu kwa dharura.

Yapo mambo mawili ambayo sina budi kukutahadharisha nayo. La kwanza ni pupa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mtu aliyegundua utamu wa kubadili huweza kugeuza nyumba nzima kwa juma moja, akahamisha vitanda, akabadili vyakula, akaanzisha mikutano ya familia, kisha akachoka kabla hata wenziwe hawajazoea. Hapo watu hujifunza kutomwamini. Badili jambo moja, uliache likae majuma mawili au matatu, utazame uso wa nani umechangamka na wa nani umekunjamana. Likishindwa, lirudishe kama lilivyokuwa na useme waziwazi kwamba limeshindwa. Likifaa, ujue kwamba nalo siku moja litakuwa mazoea, na itakulazimu kulipima upya kwa kipimo kilekile.

La pili ni haki ya wale waliomo nyumbani ambao hawataki kubadilika, hususan wazee. Mama mkwe anayekunywa chai yake saa kumi, kwenye kiti kimoja, kwa kikombe kimoja, hakukosea lolote, na utaratibu huo pengine ndio kitu cha mwisho anachokimiliki katika nyumba iliyopita mikononi mwa watoto wake. Mwache nacho. Ukianzisha jambo jipya mwarifu yeye kabla ya watoto, kwa staha, mchana kabla ya siku yenyewe, umweleze ni lipi litakalobadilika na lipi halitaguswa, na kama jambo lenyewe linafika kwenye saa yake ya chai, lisogeze mbele au nyuma. Pengine atataka kushiriki, pengine atapenda kutazama tu. Na akikataa, pokea jibu lake bila ya kumrudia rudia, kisha baada ya mwezi mwulize tena.